Gari la rimoti la kupanda mwamba: jinsi tulivyolijenga kwa mashindano

Siku moja baada ya alasiri nilipita barazani mtaani kwetu, Mji wa Kale, nimebeba gari la rimoti kwapani. Mzee mmoja akaniuliza, "Hilo la mjukuu?" Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu, langu mimi." Baraza zima likaangua kicheko. Sikuwalaumu. Mtu mzima mwenye mvi kushika gari la kuchezea si jambo la kila siku. Lakini tangu siku hiyo wengi wameniuliza lile gari ni la nini, linafanya nini na kwa nini linakwenda polepole vile. Leo nataka nieleze kwa ukamilifu, kwa sababu jambo lenyewe lina elimu ndani yake, na kwa sababu gari hilo lilinisuluhisha na mpwa wangu.

Nianze na huyo mpwa. Ni mtoto wa dadangu, kijana wa miaka 20, aliacha chuo cha ufundi karo ilipokatika. Mwaka jana aliiuza drili yangu bila ruhusa. Nilipojua nilimfukuza kibandani kwangu, tukakaa miezi mitano hatusemezani. Dadangu akaja kwangu usiku mmoja, akaniambia, "Kaka, huyu kijana ashinda maskani kutwa. Mpe chochote cha kufanya na mikono yake, kabla hajapewa na watu wengine." Wiki hiyohiyo binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Muscat, akaniachia gari lake bovu la rimoti. Huko Oman hulichezea katika mawe ya wadi siku za mapumziko. Lilikuwa limevunjika gia, mota imeungua, na tairi zimekauka. Nikamwita mpwa wangu, nikamwekea gari mezani. Sikumtajia drili, naye hakuitaja.

Ni gari la namna gani?

Magari mengi ya rimoti hujengwa kwa mbio. Hili kazi yake ni kutambaa juu ya mawe, mwendo wa kobe. Kwa kawaida ni kipimo cha 1 kwa 10, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli, na urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 31. Magurudumu yote manne husukuma. Linaweza kupanda jiwe lililo refu kulishinda gari lenyewe, ikiwa aliyelijenga amelijenga sawasawa na anayeliendesha ana subira.

Mchezo huu ulikulia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu huko walikuwa wakishindana kupanda mawe kwa magari makubwa ya kuendesha wenyewe, na wapenzi wa magari madogo wakawaiga. Wakati huo hapakuwa na gari dogo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hivyo walikata na kuunga. Waliyoipenda zaidi ni Clod Buster ya kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoka mwaka 1987, kwa sababu ilikuwa na mota mbili, moja juu ya kila ekseli. Walichukua ekseli hizo, wakajenga fremu mpya katikati. Baadaye kampuni kama Axial na Traxxas zikaanza kuuza magari yaliyo tayari kwa mawe. Kwa hivyo tangu mwanzo mchezo huu ni wa mafundi: unachonunua ni mwanzo tu, kazi ni wewe kulibadilisha.

Mashindano huhesabiwa vipi

Ukifahamu kanuni ndipo utafahamu kwa nini gari hujengwa vile. Njia huwekwa malango, na kila lango ni vijiti viwili vilivyosimamishwa juu ya mawe. Gari lipite katikati bila kuvigusa. Kanuni hutofautiana, lakini zile tulizotumia sisi zilikuwa hivi: kila mtu huanza na sifuri. Ukipita lango unapunguziwa alama 2. Ukirudi nyuma unaongezewa 1. Ukigusa kijiti unaongezewa 10. Ukilishika gari kwa mkono, labda limepinduka, unaongezewa 10. Malango ni 10 na muda ni dakika 8. Asiyefika mwisho huongezewa 20. Mwenye alama ndogo kabisa ndiye mshindi.

Utaona kwamba hakuna alama ya kasi. Kinachokuangusha ni makosa. Haraka haraka haina baraka, wahenga wetu walisema, na katika mchezo huu methali hiyo ina karani wa kuihesabu.

Anza na magurudumu

Mgeni wa mchezo huu hukimbilia kununua mota yenye nguvu. Hilo ni kosa. Nguvu yote hupita kwenye tairi nne, na tairi ikiteleza, nguvu ni bure. Tulitumia pesa za kwanza kwenye tairi laini, zile ambazo ukizibonyeza kwa kidole hubonyea kama chapati. Ndani yake hakuna upepo wa kujazwa, mna sponji. Rimu ina tundu dogo ili hewa itoke, tairi ilalie jiwe na kulikumbatia. Ukiipa sponji ngumu, tairi hugusa jiwe kwa ncha tu. Ukiipa laini mno, hukunjika gari likiwa ubavuni kwa jiwe, na hapo hupinduka. Sisi tuliikata sponji kwa mkasi kidogo kidogo, tukajaribu, tukakata tena.

Tafuta rimu za kubana tairi kwa pete na skurubu, usigundishe kwa gundi. Hapa kwetu utazifungua mara kwa mara, kwa sababu ya chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye lile tundu, sponji huyanywa na kukaa nayo.

Kisha ni difu. Gari la barabarani huacha gurudumu moja lizunguke zaidi ya jingine kwenye kona. Kwenye mawe hilo ni balaa, kwani gurudumu lililo hewani ndilo litakalozunguka, na lililoshika jiwe litasimama. Kwa hivyo difu hufungwa kabisa, kulia na kushoto vizunguke pamoja. Tuliongeza jambo moja jingine: gia za ekseli ya mbele tuliziweka ziende haraka kuliko za nyuma, kama asilimia 6. Faida yake ni kwamba magurudumu ya mbele huvuta gari, nayo ya nyuma hayasukumi pua ikainuka.

Mota na breki

Mota ya brashi hupimwa kwa idadi ya mizunguko ya waya ndani yake. Yenye mizunguko michache huenda mbio. Yenye mizunguko mingi huenda polepole lakini hutulia mkononi. Sisi tulichagua ya 55. Ukichanganya gia zote za gari letu, mota huzunguka kama mara 40 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hapo unaweza kulisogeza gari kwa upana wa kucha.

Mota hulishwa na kidhibiti mwendo, kijisanduku kidogo kinachopokea amri ya rimoti na kuamua umeme kiasi gani upite. Kwa gari la mawe sharti kiwe na breki ya kujishika: ukiachia kidole, gari lisimame palepale hata kwenye mteremko. Namna ya kujaribu ni rahisi. Egemeza ubao ukutani, lipandishe gari, kisha achia. Likirudi nyuma hata kidogo, rekebisha kidhibiti au tafuta kingine. Kila mrudio wa kusaidiwa na rimoti ni alama 1.

Uzito, na machubwi ya wavuvi

Gari la mawe hupinduka kwa sababu mbili: uzito uko juu, au uzito uko nyuma. Tiba ni kuuteremsha chini na kuupeleka mbele. Betri tuliitoa nyuma tukailaza mbele, karibu na ekseli. Kabati la juu, lile umbo la gari, tulilikata na kulipunguza mpaka likawa jepesi kama ganda la yai.

Kwa uzito wa magurudumuni, dukani huuzwa pete za shaba za bei. Mpwa wangu akaenda zake kwa wavuvi, akarudi na machubwi ya mshipi, yale ya risasi. Tukayaponda yakawa vipande bapa, tukayafunga ndani ya rimu za mbele. Uzito ulio ndani ya gurudumu uko karibu na ardhi, haulipinduishi gari. Tahadhari moja: risasi ni sumu. Usiipondee jikoni, usiwape watoto, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Vifundo vya usukani tulikerezewa na fundi mwenye keezo, kwa shaba ya manjano, na navyo vikaongeza uzito palepale tunapoutaka.

Kujua kama umefaulu, azima mizani mbili za jikoni, uweke magurudumu ya mbele juu ya moja na ya nyuma juu ya nyingine. Letu lilikuwa kilo 2.6 kwa jumla: mbele kilo 1.5, nyuma kilo 1.1. Dadangu alitaka kujua mizani yake ya maandazi imekwenda wapi siku mbili.

Shokamzoba nazo ziwe laini. Gari likisimama lenyewe, zishuke kama theluthi moja ya urefu wao, ili gurudumu likikuta shimo lidondoke na kulifuata. Zikiwa ngumu, gari hutembea kwa magurudumu matatu na la nne likapunga hewani. Tumbo la gari, bamba la chini ya gia, liwe laini kama mkuku wa dau, lisiwe na kichwa cha skurubu kilichojitokeza. Huko ndiko gari litakakokwama.

Kosa langu

Sasa nifike pale niliponuia. Gari lilipokamilika tulilipeleka kwenye timbo la zamani, bara ya kaskazini, pale ambapo mawe ya kujengea yalichongwa miaka mingi na kuachwa. Jiwe letu la matumbawe lina sifa mbili: hushika tairi vizuri kwa ukali wake, na huikata kwa ukali huohuo. Tulikuwa makini tusiende kwenye miamba ya baharini yenye uhai, wala karibu na majengo ya kale. Ngome ya Yesu imesimama juu ya mwamba wa matumbawe tangu 1593, lakini haikujengwa ili sisi tuipande na magari.

Gari lilipanda vizuri. Lakini kila gurudumu la mbele lilipobanwa kati ya mawe mawili, usukani ulikufa. Gari zima likazimika sekunde mbili, kisha likaamka. Mpwa wangu ndiye aliyeshika rimoti. Nikamwambia, "Hiyo rimoti umeiangusha." Akasema, "Sijaiangusha, mjomba." Nikasema neno ambalo najutia mpaka leo: "Kama ulivyosema hujui drili iko wapi."

Alinyamaza. Aliweka rimoti juu ya jiwe, akapanda matatu peke yake kurudi mjini.

Usiku wake, saa nne, akabisha hodi kibandani. Hakuingia na hasira. Aliniomba mita ya kupimia umeme. Akaweka gari mezani, akachomeka mita kwenye waya wa kipokezi, akaniambia, "Mjomba, shika gurudumu la mbele kwa nguvu, mimi nazungusha usukani." Nikashika. Namba kwenye mita ikaanguka kutoka volti 6 hadi chini ya 4, na kipokezi kikazima taa. Nikaachia, kikawaka. Tukarudia mara tatu. "Si rimoti," akasema. "Sevo yala umeme mwingi, kipokezi chafa njaa. Wanionea bure."

Alikuwa na haki. Nieleze kwa atakayejenga lake. Sevo ni mota ndogo inayogeuza usukani. Gari la mawe huhitaji sevo yenye nguvu, na ya kwetu ni ya kilo 25. Kwa kawaida sevo na kipokezi hulishwa pamoja na chanzo kidogo cha umeme kilicho ndani ya kidhibiti mwendo. Sevo ikibanwa huvuta umeme mwingi kuliko chanzo hicho kinavyoweza kutoa, volti huanguka, na kipokezi huzimika. Dawa ni kuipa sevo chakula chake peke yake: kipunguza volti cha nje, kinachochukua umeme moja kwa moja kutoka kwa betri na kuilisha sevo tu. Waya mwekundu wa sevo usifike kwenye kipokezi. Waya wa amri na ule mweusi ndio waunganishwe, kwani pasipo mweusi wa pamoja amri haifahamiki.

Alilehemu mwenyewe usiku huo, mimi nikimshikia tochi. Ilipofika saa saba gari lilikuwa haliwezi kuzimika tena, hata nilibane vipi. Nikamwomba radhi. Ni neno gumu mjomba kumwambia mpwa, lakini nilisema. Akajibu, "Ya drili nilikosa mimi. Ya rimoti umekosa wewe." Tukacheka.

Betri isikuunguzie nyumba

Kabla sijafika mashindanoni, neno la betri. Magari haya hutumia betri za lithiamu za seli 2 au 3. Kila seli ikijaa ni volti 4.2. Ikishuka chini ya 3 huharibika, na iliyoharibika huweza kufura na kuwaka moto. Chaji kwa chaja yake yenye kusawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chombo kisichoungua, na usiiache peke yake ukaenda kulala. Ukiiweka siku nyingi bila kuitumia, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Betri iliyofura haina matengenezo. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa jua letu hili.

Siku ya mashindano

Tulikuwa watu 11, wengine walikuja kutoka Kilifi na wawili kutoka Nairobi. Kulikuwa na njia mbili, kila moja malango 10. Kanuni ni mtu mmoja tu kuendesha, nikamwachia kijana.

Njia ya kwanza alipita malango yote, akarudi nyuma mara 7. Punguza 20, ongeza 7: alama zake hasi 13. Vizuri.

Njia ya pili, baada ya lango la 6, gari lililala ubavu. Zilibaki dakika mbili na kitu. Mimi niko nyuma ya kamba, nikapiga kelele, "Usiguse! Alama kumi hizo! Zungusha magurudumu litainuka!" Hutokea kweli gari likajiinua kwa kupiga usukani huku na huku. Akanitazama mara moja, akainama, akalisimamisha kwa mkono. Roho yangu ikazama.

Kisha akaendelea, polepole vilevile, lango la 7, la 8, la 9, la 10. Alimaliza zikiwa zimebaki sekunde 11. Punguza 20, ongeza 10 ya kugusa, ongeza mirudio 5: hasi 5. Jumla hasi 18.

Nilipomuuliza alinipigia hesabu vidoleni. Angengoja gari lijiinue na muda ukaisha, angekosa alama 8 za malango manne na kuongezewa 20 za kutomaliza. Hiyo ni hasara ya 28. Kugusa ni hasara ya 10. Wakati mimi nilikuwa nikipiga kelele, yeye alikuwa akihesabu.

Tulikuwa wa nne. Wa tatu alikuwa na hasi 20, alitupita kwa alama 2 tu, yaani mirudio miwili. Hatukupata kikombe. Lakini yule wa Kilifi, ambaye gari lake lilizimika njia nzima kila usukani ulipobanwa, alikuja kumuuliza mpwa wangu siri ni nini. Nikawaacha wameinama juu ya gari, mita kati yao.

Tuliporudi tuliliosha gari kwa maji ya mtungi, tukafungua rimu, tukakamua sponji, tukatia mafuta beringi moja moja. Ukiruka hatua hii hapa pwani, wiki mbili kila kitu kitakuwa na kutu. Kazi ilipokwisha nilimwachia ufunguo wa kibanda, nikaenda kuswali. Nikirudi, vyombo vyote vilikuwa mahali pake.

Jumamosi baada ya alasiri huwa timboni. Mwenye gari bovu alilete. Tairi mbovu tutakupa ushauri tu, lakini usukani unaokufa kuna kijana atakupimia.